Noah iliyokwama yadini: nani hasa hununua gari la familia Malindi?

Katika yadi moja ya magari kando ya barabara ya Lamu, hapa Malindi, Toyota Noah nyeupe ya mwaka 2017, gari la viti vinane, ilikaa miezi bila mnunuzi. Kasoro haikuwa nayo. Ilishushwa bandari ya Mombasa, ushuru ukalipwa, namba za Kenya za KD zikabandikwa, rangi ikawa inang'aa. Magari yaliyoingia pamoja nayo, Harrier moja na X-Trail mbili, yalichukuliwa mapema. Yenyewe ikabaki, ikioshwa kila asubuhi kwa sababu upepo wa bahari hauachi kuleta chumvi kwenye vioo. Hatimaye ilinunuliwa na familia moja ya mtaa wa Barani ambayo siku ile haikuja kutafuta Noah.

Mwenye yadi ni mtu wangu wa karibu, na mke wa familia hiyo ni binamu yangu. Wote wameniruhusu nikieleze kisa hiki mradi nisiwataje majina. Nakiandika kwa sababu nimechoka kuona jinsi tunavyouziana magari pwani hii. Gari la familia huamuliwa na wale wanaolipanda, lakini sisi tunaliuza kwa yule tu anayeliendesha.

Tuanze na tangazo lenyewe. Lilipigwa kwenye Facebook na kwenye status ya WhatsApp, nalo lilisema: Toyota Noah 2017, cc 2000, Valvematic, petroli, otomatiki, kilomita chache, rimu za aloi, bei ya kuongea. Picha zilikuwa za pua ya gari, ubavu, rimu na mita. Hakuna picha hata moja ya mlango ukiwa wazi. Viti vya nyuma havikuonekana kabisa.

Wanaume waliitikia. Walikuja, wakafunguliwa boneti, wakaiwasha injini wakaisikiliza, wakauliza inakula lita ngapi kwenda Mombasa na kurudi. Halafu wakauliza swali ambalo mwenye yadi alilizoea mpaka likamchosha: "Hili si gari la abiria?" Hofu hiyo ina msingi wake. Jirani zetu Tanzania wamezibebesha Noah abiria kwa miaka mingi, na mtu aliyepita njia ya Namanga kwenda Arusha amezipanda. Huku kwetu nako zimekodishwa kwa safari za harusi, mazishi na uwanja wa ndege. Mtu aliyejinyima kwenye sako miaka kadhaa ili anunue gari hataki kusimama stendi akaulizwa kama anakwenda Kilifi. Mwenye yadi akapunguza bei, na bado hakuna aliyetoa pesa.

Nilimuuliza kwa nini tangazo lake lina vitu vile vile ambavyo kila yadi inavyo. Jibu lake ndilo lililonifungua macho, maana kabla ya hapo nilidhani ni uvivu. Akanionyesha kwenye simu karatasi ya mnada. Magari mengi yaliyotumika yanayotufikia hununuliwa kwenye minada ya Japani, na mnunuzi aliye Kenya hulijua gari kupitia karatasi hiyo kabla hajaligusa. Karatasi ina mwaka, cc, kilomita, alama ya hali ya gari, labda 3.5 au 4 au 4.5, herufi ya hali ya ndani kama A, B au C, na mchoro wa bodi uliotiwa alama palipo na mikwaruzo na mibonyeo. Kwa mtu anayepiga bei akiwa mbali, hayo ndiyo ya kumkinga asiuziwe gari bovu. Ni lugha ya mfanyabiashara akizungumza na mfanyabiashara mwenzake. Gari likifika Malindi, muuzaji huchukua maneno yale yale aliyonunulia na kuyageuza ya kuuzia. Hana mengine. Kitabu cha maelezo kimo kwenye droo ya dashibodi, lakini kimeandikwa Kijapani. Vibandiko vya kioo ni vya Kijapani. Ukiwasha gari, sauti ya mwanamke inakwambia kwa Kijapani kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara kuu za huko. Redio yenyewe imetengenezwa kwa masafa ya Japani, yanayoanzia 76, hivyo stesheni zetu nyingi haizishiki mpaka fundi aitilie kifaa.

Kwa maneno mengine, gari lilitufikia bila ile hoja iliyolifanya litengenezwe. Na hoja hiyo ilikuwepo, tena ilifikiriwa kwa miaka.

Asili yake si Toyota peke yake. Miaka ya 1970, pale Ford ya Marekani, Hal Sperlich na Lee Iacocca walitaka kutengeneza gari lenye nafasi ya gari la mizigo lakini linaloendeshwa kama gari dogo la saluni na kuingia kwenye gereji ya nyumbani. Henry Ford II alikataa. Wote wawili waliishia kufukuzwa Ford, wakakutana tena Chrysler, kampuni iliyokuwa ikizama kwa madeni hadi serikali ya Marekani ikaidhamini mikopo ya dola bilioni 1.5. Mwishoni mwa 1983 wakatoa Dodge Caravan na Plymouth Voyager. Siri ya magari yale ilikuwa chini ya miguu ya abiria. Nguvu ya injini ilikwenda magurudumu ya mbele, kwa hiyo hapakuwa na mhimili mrefu wa chuma kupita chini kuelekea nyuma. Mhimili ukiondoka, sakafu inaweza kushuka na kuwa tambarare. Sakafu ikishuka, mtoto, mjamzito na mzee wanaingia kwa miguu yao wenyewe. Hesabu nzima ya uhandisi ilianzia kwa anayepanda.

Ufaransa mambo yalianza kwa kusuasua zaidi. Kampuni ya Matra ilibuni gari la namna hiyo, Peugeot wakalikataa, Renault wakalichukua na kulitoa mwaka 1984 kwa jina la Espace. Katika mwezi wake wa kwanza sokoni yaliuzwa 9 tu. Tisa, kwa nchi nzima ya Ufaransa! Watu hawakujua walitazame kama nini. Baadaye Espace ikawa gari ambalo kila mtu Ulaya analijua. Nilipomsimulia mwenye yadi habari hiyo, wakati Noah yake ingali pale, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza Renault walifanya nini. Sikuwa na jibu la mkato la kumpa. Nilimwambia tu kwamba gari geni kwa umbo halieleweki kwa kutazamwa nje.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa mlango. Kwa zaidi ya miaka kumi magari ya Chrysler yalikuwa na mlango wa kusukuma upande mmoja tu, ule wa abiria. Kizazi cha modeli ya 1996 kikaleta wa pili, upande wa dereva. Ford nao walikuwa wametangulia kidogo na gari lao jipya, Windstar, bila mlango huo. Familia zikaonja raha ya kuingiza watoto upande wowote na hazikutaka kurudi nyuma. Ford ikabidi mwaka wa modeli wa 1998 warefushe mlango wa dereva ili mtu aweze kupita nyuma, ndipo modeli ya 1999 ikapata mlango kamili. Mlango mmoja tu, na kampuni kubwa kama ile ilihangaika nao miaka kadhaa! Mhandisi au mhasibu anayefikiri mlango ni jambo dogo hajawahi kumpakia mtoto aliyelala.

Noah iliyokwama Malindi ni mjukuu wa fikra hizo, ila yenyewe ina sababu zake za Kijapani. Sheria za huko huyapanga magari kwa vipimo, na daraja dogo lina mipaka ya urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2.0 na injini ya cc 2000. Noah ya kawaida ilichongwa ikae ndani ya mipaka hiyo, ndiyo maana ni nyembamba na ndefu kwenda juu. Kizazi cha 2001 kilihamia magurudumu ya mbele, tofauti na kile kilichotangulia cha TownAce Noah ambacho injini yake ilikaa chini ya viti vya mbele. Kizazi kilichotoka mwaka 2014, ambacho ndicho cha gari letu, kikashusha sakafu zaidi.

Na namna walivyoiuza inafaa kusomwa na kila mwenye yadi. Toyota walitoa gari moja kwa sura zaidi ya moja. Noah iliuzwa kwenye maduka yao ya Corolla, ikiwa na sura ya upole, ikalenga nyumba yenye watoto. Voxy iliuzwa kwenye maduka yao ya Netz, ikiwa na uso mkali, ikimlenga baba kijana asiyetaka kuonekana kwamba ujana umemwisha. Hofu ya wale wanaume wa Malindi, ya kuonekana dereva wa abiria, Wajapani walishaiona kwa sura nyingine, wakaitengenezea pua yake. Lakini viti, sakafu na milango havikuguswa. Waliacha baba achague uso, na ndani wakaacha vile vile kila alichohitaji mama na mtoto. Mpango huo wa maduka tofauti waliufuta mwaka 2020, lakini ulikuwa umefanya kazi yake kwa muda mrefu.

Sasa turudi Malindi, siku gari lilipouzwa.

Binamu yangu na mumewe walikuja kuulizia RAV4, Toyota iliyoinuka juu. Walikuwa wametoka hospitali na mama mkwe, ambaye magoti yamemsumbua kwa miaka, pamoja na watoto wao wawili wadogo. Mama akapewa kiti kivulini. Mtoto mmoja akaikimbilia Noah, akavuta kishikio, mlango ukasogea wenyewe mpaka mwisho. Akaufunga, akaufungua tena. Kijana wa mauzo, badala ya kumkemea, akamgeukia yule mama.

"Shikamoo, bibi. Njoo ukae humu ndani, kuna kiyoyozi."

"Marahaba, mwanangu. Magoti haya hayapandi gari."

"Hili halipandwi, bibi. Unaingia tu."

Nimemfanya binamu yangu anielezee hatua hiyo zaidi ya mara moja, maana ndiyo kiini cha kisa. Mama alisimama ubavuni mwa gari, akashika kile kishikio kirefu kilicho kwenye nguzo ya mlango, akakusanya buibui kwa mkono wa kushoto, akaweka mguu ndani, na wa pili ukafuata. Hakuna aliyemshika. Kwenye matatu ya Hiace mwanamke yule husukumwa na makanga kwa nyuma, jambo analolichukia na ambalo limemfanya aache kwenda Mambrui kwenye Maulidi. Kwenye tuktuk lazima ainame, na akishuka hubaki ameshika bomba la chuma mpaka maumivu yapoe. Pale yadini aliketi, akanyoosha miguu, akamwambia mwanawe, "Mimi hapa nishafika."

Mume bado alikuwa kwenye mafuta na injini. Mke ndiye aliyeuliza swali la pili. Ana duka la vitambaa na leso, mzigo wake huufuata Mombasa, safari ya kilomita kama 120, na kila mara hulipia nafasi ya marobota kwenye matatu. Alitaka kuona viti vya mwisho vinakunjwaje. Kijana wa mauzo hakujua. Gari limekaa pale miezi yote hiyo na hakuna mtu wa yadi aliyewahi kukunja viti vyake! Wakashika wakivuta huku na huku mpaka wakaupata mkanda, kiti kikajikunja, kikanyanyuka na kufungwa ubavuni, sakafu ikabaki wazi. Binamu yangu akaingia akapima upana kwa mikono, kama anavyopima kitambaa.

Kwa hiyo gari moja liliulizwa na watu watatu. Mama aliuliza kuingia. Mke aliuliza mzigo. Mume aliuliza mafuta na, kimoyomoyo, heshima yake barabarani. Tangazo lilijibu sehemu tu ya swali la mume. Wale wawili wengine halikuwajua kama wapo, ilhali ndio waliolinunua gari. Mume alitia saini, na hilo ni haki yake kwa kuwa mkopo uko kwa jina lake, lakini ukimuuliza leo kwa nini hakuchukua RAV4 atakwambia, "Mama aliingia mwenyewe."

Hawakukurupuka. Waliipima pia Sienta, Toyota ndogo kuliko Noah, na nadhani walifanya vyema. Sienta nayo ina milango ya kusukuma na viti saba, na injini yake ya cc 1500 ina faida mbili hapa Kenya: mafuta kidogo, na ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 badala ya 25 inayotozwa magari yaliyozidi cc 1500. Kwa nyumba ya watu watano ningewaambia wachukue Sienta bila kufikiri mara mbili. Lakini wao ni saba: baba, mama, watoto wanne na bibi, na mtoto mkubwa amemzidi babake urefu. Safu ya mwisho ya Sienta inawafaa watoto wadogo. Kijana yule hawezi kukaa pale hadi Mombasa. Na bibi akibaki nyumbani, upande mmoja wa safu ya nyuma wa Noah hukunjwa ukabeba marobota huku wengine wote wamekaa.

Baada ya mauzo hayo mwenye yadi alibadilisha matangazo yake. Noah iliyofuata ilipigwa picha milango yote miwili ikiwa wazi, kisha viti vikiwa vimekunjwa na baiskeli imesimama ndani, kisha video fupi ya mwanamke wa makamo akiingia na kushuka. Maneno yakawa machache: watu wanane, sakafu ya chini, milango miwili ya kusukuma. Simu nyingi zilizoingia zilikuwa za wanawake. Gari likaondoka upesi.

Siwezi kusema picha ndizo zilizoliuza peke yake. Lilitangazwa kuelekea Disemba, wakati Malindi inapojaa wageni na harusi, na gari lolote lenye viti vingi hutafutwa. Bei nayo ilianzia chini kuliko ya lile la kwanza. Mtu makini atasema hapo mambo matatu yamechanganyika, na atakuwa amesema kweli. Ninachoshikilia ni hizo simu za wanawake. Msimu hauelezi kwa nini walipiga wao, na bei haielezi pia.

Kuna upande mmoja ambao mwenye yadi alikuwa hajaugusa, na nilimwambia ana kwa ana. Anayeuza gari la familia anapaswa kueleza pia litakaloitesha familia. Gia za Noah hii ni za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, zinataka oili yake maalumu. Fundi akitia oili ya gia za otomatiki za kawaida, gharama itakuja kuwa kubwa. Mfumo wa Valvematic, unaoongoza vali za injini, ukipata hitilafu kwenye kifaa kinachouongoza, gari hukosa nguvu, na si kila gereji ya Malindi ina mashine ya kuusoma. Milango ya kusukuma hutembea kwenye reli, na mchanga wetu huingia humo. Usiposafisha, mota inalemewa. Chumvi ya bahari hula bodi kuanzia chini, mahali ambapo mnunuzi hainami kutazama. Na viti vinane ni vya watu wanane. Nimeona Noah ikienda Gede na watoto wamerundikwa nyuma kama kumi, hakuna aliyefunga mkanda, na wazazi wao ndio waliowapakia. Roho inaniuma sana ninapoona hivyo, kwa sababu gari lile lilibuniwa na watu waliomfikiria kila abiria kwa kiti chake.

Mwenye yadi sasa ameanza na baadhi ya hayo. Kila anayenunua Noah kwake sasa huonyeshwa jinsi ya kukunja viti, kusafisha reli za mlango na kusoma aina ya oili ya gia, na onyesho hilo hulifanya mbele ya nyumba nzima, si mbele ya mwenye logbuku tu. Na anapoagiza gari jingine, pamoja na karatasi ya mnada humtaka wakala wake wa Japani ampigie picha mbili zaidi: mlango wa nyuma ukiwa wazi kutoka usawa wa ardhi, na safu ya tatu ikiwa imekunjwa. Wakala alimuuliza za nini. Akamwambia ni za wateja.